Ubao Uliovunjika Kimya

Ubao ulivunjika bila kulia.

Hilo ndilo lililomtoa jasho mpimaji. Kwa miaka kumi na moja amebana vipande vya mbao kwenye mashine ya kupindia, na anajua kwamba mbao nzima huonya kabla ya kukatika: hulia, huchanika nyuzi, humpa mtu nafasi ya kukimbia. Hiki kilikatika kwa mkato mmoja, kama chaki, na mshale wa mashine ulikuwa haujafika hata theluthi.

Mwenzake wa meza ya pili aliokota nusu moja akaibonyeza kwa ukucha. Ukucha ukazama.

"Kimeoza ndani. Umekitoa wapi?"

"Kazini kwa mume wangu. Kwenye mbao za jukwaa."

Mwenzake aliirudisha nusu ile mezani.

Mumewe alikuwa fundi rangi. Wiki nzima alikuwa akipaka jengo la ghorofa nne, amesimama juu ya mbao zilizonunuliwa kwa haraka, na wiki nzima mkewe alimsumbua amletee kipande akipime. Asubuhi hii alikitupa mezani.

"Haya, mama watoto, roho yako itulie. Msimamizi wetu ni mkono wa birika, hata kijiti cha kuchokonoa meno hakupi. Lakini mimi nimekuletea."

Kabla ya kukibana mashineni, mpimaji alikuwa ameona tundu la msumari lenye kutu. Tena kipande kilikuwa kikavu mno kwa mbao iliyonunuliwa majuzi. Siku nyingine angeuliza. Leo alimpigia mumewe simu, ikaita mpaka ikakatika. Akavua koti la kazi na kutoka mbio.

Alivuka mitaa sita. Kiatu kimoja kilikatika mkanda, akavivua vyote viwili akaendelea pekupeku. Kichwani aliona kitu kimoja tu: kipande kile kikikatika kimya, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara mumewe yuko juu yake.

Alimwona kutoka chini, juu ya jukwaa usawa wa ghorofa ya nne, ndoo mkononi, anapiga mluzi.

"Shuka!"

"Jamani, mke wangu amekuja kunifumania!" alipaza sauti, na mafundi wote wakageuka. "Mke wangu, naapa, ni mimi na ndoo tu!"

Wakacheka. Yeye hakucheka.

"Weka ndoo chini. Usikanyage katikati ya ubao. Pita pembeni, karibu na chuma."

"Unaniaibisha mbele za watu."

"Heri aibu kuliko jeneza. Shuka!"

Labda mumewe aliona miguu mitupu ya mkewe. Aliweka ndoo, akaanza kusogea. Ubao ukalia chini yake. Mpimaji akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Ubao ukalia tena, kwa kirefu, ukapinda kidogo, ukanyooka. Hatua nne. Tatu. Akashika ngazi, akateremka taratibu kama mtu anayemridhisha mgonjwa.

Alipogusa ardhi, mkewe alimshika shati kwa mikono miwili, asiweze kuliachia.

"Kile kipande kimevunjika kama chaki. Kimeoza. Waambie wenzako washuke, wote, sasa hivi."

Mumewe alimtazama, kisha akatazama chini. Akajikuna shingo.

"Kumbe ni hilo tu? Basi tulia. Zile mbao za juu hazina neno." Akashusha sauti wenzake wasisikie. "Kile kipande hakikutoka hapa. Msimamizi alininyima, na wewe ulikuwa huniachi nilale. Nikakata kingine nikuletee, yaishe."

"Ulikikata wapi?"

"Nyumbani, jana jioni. Kwenye kichanja cha tangi la maji. Ubao mmoja ulikuwa umechomoza, hauna kazi." Alitabasamu, akamfuta machozi kwa kidole chenye rangi. "Na tangi nimelijaza pomoni leo, mama yangu amefurahi huyo! Saa hizi yuko kivulini pale chini ya tangi, anamwogesha mtoto wetu."