Njia ya Mbagala

Kitu cha kwanza alichokiona Annastella ni migomba mitatu. Ilikuwa michanga, imepandwa karibu karibu hata majani yake yakagusana. Hapa Kamachumu mtoto mdogo anajua kwamba mgomba unataka nafasi yake. Na aliyeipanda ni mama mkwe wake, Immakulata, ambaye siku moja alimwamuru ang'oe mche na kuupanda upya kwa kuwa ulikaribiana mno na mwenzake.

"Mama, mbona hii imebanana?" aliuliza siku aliporudi kutoka Bukoba.

"Miche ilizidi," alijibu Immakulata, akaendelea kumenya ndizi. "Nikaichomeka pale pale."

Annastella hakuuliza tena. Hakuwa mtu wa kuuliza. Aliacha shule darasa la tano, na tangu hapo alizoea kwamba wa kusema ni wengine.

Mjini alikuwa amekaa kwa shangazi yake Alistidia, tangu mimba ilipoanza kumsumbua. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemsihi aende, awe karibu na hospitali kubwa. Aliporudi, tumbo limekuwa zito, alikuta sakafu imetandikwa nyasi mpya, nazo zimelazwa na miguu ya watu wengi. Wageni hawakuwepo.

Mumewe, Privatus, alikwenda Dar es Salaam kujenga njia ya mabasi ya mwendokasi ya Mbagala. Alianza kwa kubeba zege, akafundishwa kusuka nondo za vituo. Njia ikikamilika alitaka asomee udereva wa yale magari marefu.

"Niendeshe hata mara moja," alimwambia siku ya kuagana, "halafu nije nimpakate mwanangu, nimpe jina."

Ahadi hiyo ndiyo aliyoishika Annastella. Hakuwa na nyingine.

Zamani Privatus alikuwa akipiga jioni, kwenye simu ya kaka yake, Rugaibula, pale kijijini. Sasa Rugaibula alikuja na sauti zilizorekodiwa tu. Alieleza kwamba ndugu yake anaingia zamu jioni, hapati nafasi. Aliiweka simu mezani, wakasikiliza wote watatu.

"Njia imenyooka mpaka inapendeza," ilisema sauti ya Privatus, upepo ukivuma nyuma yake. "Lakini bado tupu. Magari hayajaja. Watoto wanacheza mpira katikati."

Immakulata alisikiliza akiwa ameelekea ukutani. Sauti ikiisha, aliaga kwamba anakwenda kutazama moto jikoni, hata siku ambayo moto haukuwashwa.

Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba njia ya Mbagala imefunguliwa, magari yanabeba abiria. Mama mmoja alihojiwa, akasema amefika mjini chai aliyokunywa nyumbani ikiwa bado ya moto tumboni. Immakulata akaizima. Alisema betri zinaisha.

Jioni ile Rugaibula akaja na sauti nyingine. Njia bado tupu. Watoto bado wanacheza mpira.

Annastella alimtazama shemeji yake. Shemeji akatazama viatu vyake.

Aliyesema waziwazi ni Benigna, muuza dagaa kutoka Kagoma, ambaye hakuwa amepita huku kwa muda mrefu. Alitua beseni lake uani, akauliza mwenye tumbo hili yuko wapi. Alipoambiwa, akacheka.

"Mwendokasi? Basi hilo gari lake lina njia ya kwenda tu, dada. Huko kuna anayempikia."

Immakulata alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamwambia abebe dagaa wake aondoke. Benigna alipotokomea njiani, ndipo Immakulata akamgeukia mkwewe.

"Usimsikilize, mwanangu. Mumeo atakuja, waitu. Wewe kwanza ujifungue salama."

"Sawa, Mama," alisema Annastella.

Kisimani nako kulikuwa kumebadilika. Wanawake ambao zamani walimtania, wakimwita mke wa zege, sasa walimpisha achote wa kwanza. Naye akirudi na ndoo alipitia kibanjani, shamba la migomba nyuma ya nyumba, mahali lilipo kaburi la baba mkwe, akasimama kidogo. Kisha aliimwagia maji ile migomba mitatu iliyokuwa kando yake. Immakulata alimwona mara nyingi kutoka mlangoni. Hakumwambia hata siku moja kwamba masika yamejaa na migomba haina kiu.

Mtoto alizaliwa wa kiume. Rugaibula alikodi gari akawarudisha nyumbani kutoka hospitali. Immakulata alikuwa amekwishamtandikia mzazi kitanda chake cha nyasi, amepika ndizi, na maji ya moto yalikuwa tayari. Alimpokea mtoto akamtazama sana, paji la uso, masikio, vidole.

"Privatus amefurahi mno," alianza. "Amesema wakimpa likizo tu..."

Rugaibula alitoka nje akasimama kando ya gari.

Annastella alimchukua mtoto mikononi mwake taratibu. Akapita mlango wa nyuma. Mama mkwe alimwita mara moja, kwamba mzazi hatoki nje siku zake hazijatimia. Hakugeuka. Alitembea kati ya migomba, majani yakimdondoshea maji ya mvua mabegani, mpaka kwenye ile mitatu iliyobanana. Akapiga magoti. Akafunua uso wa mtoto.

"Privatus," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "mwanao huyu hapa, mpe jina. Na magari ya Mbagala yameanza."