Zimwi la Mwanatumu

Bwana Mbaruku, mhariri wa vitabu vya watoto, aliitupa hadithi ya Mwanatumu mezani.

"'Zimwi la kutisha sana'! Sana ndiyo nini? Mtoto aone nini, acheke nini? Huna macho, mama?"

Mwanatumu alimeza hasira. Akamkazia macho, akachukua kalamu, akaandika huku akisoma kwa sauti:

"Zimwi lilikuwa na nywele tatu tu, nazo lilizilaza kwa mate kuficha upara. Likipandwa na hasira, sikio lake la kushoto lilicheza lenyewe. Na kabla ya kumla mtu, lilimwambia kwa upole, 'Endelea.'"

Makarani waliokuwa chumbani waliangua kicheko, kisha wakamtazama mhariri.

Mkono wa Bwana Mbaruku ulikuwa umeshafika utosini. Sikio lake la kushoto likaanza kucheza.

"Endelea," alisema kwa upole.