Posa na Penalti

"Sema kweli, kijana. Wewe si mtu wa ng'ambo ya reli?"

Fundi viatu aliuliza hata kabla mgeni hajakalia kiti. Mkewe akakohoa. Binti yao, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaangalia dari kana kwamba inavuja.

"Hapana, mzee. Nakaa upande wa sokoni. Ni fundi friji."

Mzee akashusha pumzi. Alikwisha kuapa kwamba binti yake hataolewa na mtu wa timu ya ng'ambo, na mtaa mzima ulijua kuwa kiapo chake ni kama mshono wake, hakifumuki. Binti naye alikwisha kumwambia mama yake kwamba asipompata huyu, hamtaki mwingine. Basi mgeni alikaa kwenye kile kiti kama mtu aliyekalia yai.

Siku yenyewe aliichagua binti. Magunia, timu ya mtaa, walikuwa wanacheza ugenini, na majirani wote walikuwa wamepakiana kwenye lori tangu asubuhi. Hakubaki hata wa kuchungulia dirishani. Fundi viatu alibaki kwa sababu timu yenyewe ilimwomba abaki.

Kisa ni kwamba kila alipoitazama Magunia ikicheza, ilifungwa. Si mara moja wala mbili. Wenzake wakaamua, kwa heshima zote, kwamba mechi za nyumbani akae nyuma ya goli na kuupa uwanja mgongo, kinyozi amsimulie. Za ugenini asitie mguu kabisa. Alikubali bila kinyongo. Kwa hiyo mtu aliyeijua historia ya Magunia kuliko wote alikuwa ameijua kwa masikio.

Na siku ile aliimwaga yote. Jinsi wanaume wa kiwanda cha magunia walivyokuwa wakipiga mpira wa matambara saa ya mapumziko. Jinsi jezi za kwanza zilivyokatwa kwenye magunia, zikawasha kiasi kwamba mabeki wa timu nyingine waliogopa kuwakaba. Jinsi kiwanda kilivyofungwa, mashine zikaota kutu, paa likauzwa, lakini timu ikabaki, maana timu haikuwa na paa la kuuzwa.

"Na wewe unacheza namba ngapi?"

"Sina namba, mzee."

"Unashabikia nani?"

"Sishabikii upande wowote."

Mzee alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto asiye na kwao. Mwanamume mzima, hana timu. Lakini akajisemea kuwa afadhali shamba tupu kuliko lililojaa magugu. Huyu atapandwa Magunia na ataota vizuri.

Hapo ndipo alipofika kwenye kidonda. Fainali ya msimu uliopita, uwanja wa nyumbani, dhidi ya wale wa ng'ambo. Mpira unakaribia kwisha, hakuna aliyefunga. Kinyozi akanyamaza ghafla, na alipofungua mdomo tena, sauti ilikuwa ya msibani. Penalti. Eti beki wetu kaushika. Kombe likavuka reli.

"Wa kwetu wote wanasema hakuushika," mzee alisema. "Lakini wa kwetu watasema nini kingine? Mimi sikuona. Natafuta mtu mmoja tu wa pembeni aniambie ukweli, nife nimetulia."

Mgeni aliinamisha kichwa. Binti mlangoni akaacha kuangalia dari.

"Haikuwa penalti, mzee. Mpira ulimgonga kifuani. Mikono aliificha nyuma. Jambo hilo limeninyima raha mpaka leo."

"Rudia."

Akarudia, taratibu, neno kwa neno.

Mzee alisimama, magoti yakalia. Akaushika mkono wa mgeni kwa mikono yake yote miwili, akamwita mwanangu, akamwambia nyumba hii ni yake, na binti ni wake kama mwenyewe anamtaka. Binti alikubali kabla baba yake hajamaliza sentensi.

"Umetoa neno, mzee?" mkewe aliuliza. Alitaka kulisikia mara ya pili.

"Nimelitoa, na silirudishi. Mtu mwenye haki kama huyu nitampata wapi?"

Mama na binti wakatazamana, wakaanza kucheka bila sauti. Mzee alirudi kitini, akiwa amejaa furaha mpaka masikioni, na akataka kuuonja utamu ule mara moja zaidi.

"Ila una macho, mwanangu. Kinyozi alikuwa pale na hakuona vizuri hivyo. Wewe siku ile ulikaa wapi?"

"Sikukaa, baba," mgeni alisema. "Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwa yule beki, filimbi mdomoni."