Kisogo cha Tunu

Zamda alipanga kandambili zake mlangoni, ncha zikitazama nje, kisha akapiga magoti kizingitini kama afanyavyo kila anayechelewa mazoezi ya karate. Yeye alikuwa amechelewa tangu masika. Siku aliyofika mara ya mwisho, mwalimu alikwisha kusema "Basi!" naye bado akarusha ngumi. Tunu, aliyekuwa akipigana naye, akashika mdomo, damu ikamchuruzika vidoleni. Zamda akaondoka bila kuinama, bila hata kusema pole.

Sasa alingoja. Wenzake waliendelea kupiga ngumi hewani kana kwamba mlangoni hapana mtu. Magoti yakamuuma, akawaza kunyanyuka taratibu arudi zake nyumbani.

"Zamda," mwalimu aliita mwishowe, bila kugeuka. "Ingia."

"Nisamehe, mwalimu."

"Jino halikuwa langu. Tunu, simama naye."

Tunu akaja mbele yake, mkanda ameukaza, pengo likionekana aliposema, "Karibu, dada."

Katika ukumbi ule wapiganaji huinamiana wakitazamana, maana mpinzani haondolewi macho. Macho huteremshwa kwa mwalimu tu, au kwa mtu unayemwamini. Zamda akainama akimtazama Tunu, kama walivyofundishwa.

Tunu akainama hadi chini, macho sakafuni, kisogo kikabaki wazi mbele ya ngumi ile ile.

 Zamda naye akateremsha macho. Wakabaki hivyo, wote wawili wameinama, kila mmoja akimngoja mwenzake ainuke kwanza.