Miwani ya Tano

Miwani ya tano ilirudi Jumanne, mkononi mwa Saburi, mshona nyavu wa kisiwani Goziba, aliyepanda boti na kisha gari kwa ajili hiyo tu.

"Mama Evelyne," alimwambia Joviana akiiweka mezani, "kwa miwani hii nashona kwa kubahatisha. Juzi nimeshona wavu na shati langu humo humo."

Joviana alicheka kwa mdomo, moyo ukabaki nyuma. Akamsogezea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama alivyomkaribisha kila mteja wa duka lao pale mjini Bukoba. Saburi akatia punje kinywani, akaitema kiganjani. Akauliza kama siku hizi wageni wanalishwa changarawe. Joviana akaomba radhi, akamlaumu aliyemuuzia.

Miaka kumi na tisa waligawana kazi hivyo hivyo. Damian, aliyesomea macho, alipima na kuandika namba za lenzi kwenye kadi. Joviana, mkewe, alizihamishia kwenye fomu na kuituma kwa mkata lenzi kule Mwanza. Hawakuwa na kazi nyingine, wala mtu mwingine wa kuwasaidia. Na sasa, ndani ya miezi mitatu, miwani mitano imerudi. Ya nne ilikuwa ya mzee Byabato wa Muleba, aliyekosea ngazi ya kanisa akavunjika mguu. Watoto wake walishtaki. Barua ikaja: mkaguzi atafika Ijumaa, na akikuta kosa jingine, duka litafungwa.

Damian alitoka chumba cha kupimia. Akachukua kadi ya Saburi, akachukua na nakala ya fomu, akaenda nazo dirishani. Alizitazama muda mrefu, moja baada ya nyingine. Kisha akamtazama mkewe, akazikunja zote mbili, akazitia mfukoni.

"Kosa ni langu, ndugu yangu," alimwambia Saburi. "Njoo nikupime upya."

Mara zote tano alisema hivyo hivyo, kosa ni lake. Siku hiyo Joviana hakubaki na shaka tena. Fundi wa macho anakwenda kusoma mwandiko wake mwenyewe dirishani? Macho ya Damian yalikuwa yanakufa, naye anaficha.

Akaanza kumchunga. Mchana huo alimpelekea senene aliowachambua mabawa na kuwakaanga kwa mikono yake. Damian hakuwala kwa kuchota kama zamani. Alimshika mmoja mmoja, akamsogeza karibu na uso, akahangaika naye kwa vidole, ndipo akamtia kinywani. Joviana aligeuka asimwone anavyopapasa. Alipoosha sahani, mabawa yalimnata vidoleni, akayasukuma na maji bila kuwaza. Mawazo yalikuwa Ijumaa.

Jumatano aliwahi misa ya asubuhi, akapiga magoti mbele kabisa. Alikuwa kwenye novena ya Mtakatifu Lusia, msimamizi wa macho. Kitabu cha sala alikuwa anakiacha nyumbani Buhembe siku hizi, maana sala zote alikuwa nazo kichwani. Alipomaliza za kitabuni, akaongeza yake: kama ni lazima macho yaende, yaende ya kwangu, ya mume wangu yabaki. Maana yeye asipoona, tumekwisha sote wawili.

Wakati anatoka, mwanamke mmoja alisimama mbele yake mlangoni, kimya. Joviana akampisha kama mgeni. Ndipo yule akacheka, akamuuliza tangu lini amekuwa na maringo kiasi cha kutomsalimu dada yake. Alikuwa Joanitha, wa tumbo moja. Joviana akasema ana mawazo mengi, na hilo lilikuwa kweli.

Alhamisi mchana, mteja wa mwisho alipotoka, alifunga mlango kwa komeo.

"Baba Evelyne, kaa kwenye kiti cha wagonjwa."

Damian alimwangalia. "Mimi?"

"Kesho anakuja mkaguzi. Bora nijue mimi kabla yake."

Alidhani mumewe atakasirika. Hakukasirika. Alikaa polepole, kama mtu aliyengoja kuambiwa. Joviana akasimama nyuma yake, akamwekea mikono mabegani, wote wakitazama ukuta wa mbele lilikotundikwa bango la herufi.

"Soma."

Damian aliinamisha uso.

"Soma, baba. Tupo wawili tu."

"Anza wewe," alisema Damian. "Mimi nitafuatisha."

Basi ni kweli, Joviana akajua. Haoni hata ile kubwa ya juu. Ili asimwaibishe, akaanza yeye, taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. E. Akangoja. F, P. Akangoja. T, O, Z. Alishuka mstari kwa mstari hadi ule mdogo wa chini kabisa, wanaoshindwa nao wateja wengi, na hakukosea herufi hata moja. Kila mstari alimwachia Damian nafasi, na Damian hakufuatisha hata mmoja. Alihisi mabega ya mumewe yanatikisika chini ya viganja vyake.

"Usilie," alimwambia, naye machozi yakimtiririka. "Kesho tutasema ukweli. Wakikunyima leseni wakunyime. Mimi nipo. Nitakuwa macho yako."

Damian alipandisha mkono, akaushika wa mkewe, akaukandamiza begani.

"Mama Evelyne," alisema, "bango hilo nimeligeuza tangu mteja wa mwisho alipotoka. Upande unaoutazama hauna herufi hata moja."