Taa Juu ya Beseni

Laurent alisimama nyuma ya mlango wa jikoni, akingoja Béata apite. Alikuwa amesema kweli mbele ya mkaguzi wa afya, na mtu aliyesema kweli hana sababu ya kujificha nyumbani kwake mwenyewe. Hata hivyo alijificha.

Béata hakupita. Alibisha hodi.

Kwa miaka mingi wanawake wawili walikuwa wameuza kwenye veranda ile ya Kituku, karibu na ziwa. Perpétue, mke wa Laurent, aliuza kasiksi, pombe ya ndizi aliyoitengeneza mwenyewe. Béata aliuza mandazi. Siku ya ubatizo wa binti wa Laurent na Perpétue, Béata ndiye aliyemshika mtoto, akawa mama yake wa ubatizo.

Laurent alifundisha kemia, na kasiksi ilimtia aibu. Walimu wenzake hawakumwacha. "Papa Laurent, asubuhi microbe kwa ubao, mangaribi microbe kwa chupa!" Basi Mbelgiji mmoja wa mashamba alipoondoka wakati wa zaïrianisation, serikali ilipotwaa mali za wageni, Laurent alinunua taa yake ya ultravioleti, ya kuulia vijidudu kwenye maji ya kunywa. Aliijaribu kwa maji maangavu katika maabara ya shule. Hakuna kijidudu kilichoota.

Akaifunga juu ya beseni kubwa la enameli. Kila kasiksi iliyoiva ilimiminwa humo kwanza, ikakaa chini ya mwanga ule wa buluu. Ilikuwa nzito, rangi ya udongo. Maua yaliyochorwa chini ya beseni hayakuonekana hata kidogo. Tangu hapo hawakuchemsha tena maji ya ziwa ya kuchanganyia.

"Mama yangu alichemshaka," Perpétue alisema.

"Mama yako hakukuwa na taa."

Béata alijitolea kuosha beseni kila lilipomaliza kazi. Perpétue alitaka kumpa kitu kidogo, Béata akakataa.

"Achana na hayo, mama. Kuosha beseni ni kazi?"

Kisha ikaja harusi moja mtaani Katindo. Mezani palikuwa na kasiksi ya Perpétue na mandazi ya Béata. Kesho yake nusu ya wageni walikuwa wakiharisha, na kabla ya wiki kwisha Muzee Hitimana, baba mkubwa wa bwana harusi, akazikwa.

Mkaguzi alifika verandani mbele ya majirani wote. Mmoja wa wanawake wale wawili angefungiwa biashara, alisema, na hakuwa na chombo cha kupima lolote. Aligeuka kwa Laurent.

"Citoyen Ndayambaje, wewe ni mutu wa science. Tuambie."

Laurent alijibu kwa Kifaransa. Alieleza kwamba mwanga ule hauchagui: unaua microbe, unaua hata chachu yenyewe. Kasiksi iliyopita chini yake ni maji mafu. Mtu akikandia unga, unga hautaumuka hata kidogo. Pombe, basi, haina hatia. Imebaki mikono ya huyu mama.

Béata hakujua Kifaransa. Alikuwa akitazama mdomo wa Laurent, akiitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia akitetewa. Mkaguzi ndiye aliyemwambia kwa Kiswahili kwamba haruhusiwi tena kuuza chakula mjini.

"Mimi?" alisema. "Mandazi inatoka ndani ya mafuta ya moto! Microbe gani itabakia mule? Papa Laurent, umuambie!"

Laurent aliangalia viatu vyake. Mkaguzi akachukua kikaango.

Sasa Béata alikuwa mlangoni, kitenge kimefungwa kifuani, kikapu mkononi. Laurent alifungua kwa sababu hakuwa na namna nyingine.

"Sikukuja kwa maneno, papa," Béata alisema. "Kamyo ya kwenda Masisi iko inanigojea. Narudi kwa kaka yangu."

"Mama Béata, mimi nilisema tu yale ninayoyajua."

"Najua. Wewe ulisoma." Hakulisema kwa kejeli, na hilo lilimuuma zaidi. "Nimeleta mandazi ya mutoto wangu. Niliazima kikaango kwa jirani. Mutaniruhusu kumupikia mwenyewe, ama hiyo nayo ni ya kulipa amende?"

Laurent alipokea kikapu. Verandani wateja walikuwa wamejaa kuliko zamani; habari ya taa ilikuwa imeenea hadi Kibumba. "Mama Perpétue, ongeza!" mtu alipiga kelele. "Hii yetu imepita kwa taa, haiue mutu!"

"Kitu kimoja nilikuficha," Béata alisema, akiinamisha uso. "Nisiondoke nacho kwa roho. Ile beseni, sikuwa naosha bure. Mashapo ya chini, ile inabakia kisha taa, nilikuwa nayabeba kwangu. Levure ya duka, ile chachu ya kuumulia unga, ni bei sana."

"Kwa kufanyia nini?"

"Kwa mandazi, papa. Tangu taa ifike, sikutumia levure ingine hata siku moja." Akatabasamu kwa haya. "Ona ya leo vile imevimba. Kule Masisi nitapata wapi ingine ya namna hii?"

Laurent alichukua andazi moja, akalivunja. Ndani lilikuwa na vitundu tele, kama jiwe la volkano.

Nyuma yake, Perpétue alizamisha jagi ndani ya beseni.