Vioo Vitano vya Mwinjuma

Zama hizo mwanafunzi wa uzamili wa patholojia hatahiniwi tena kwa damu za wageni. Hupewa vioo vya damu za watu wa nyumbani kwake, bila majina, asije akavisoma kivivu. Mwinjuma alivipitisha vyake vitano kwenye hadubini: vinne safi, cha tano kina saratani. Akaandika hivyo, akafaulu. Majina yangefunguliwa kesho yake.

Nyumbani akawakuta bibi yake, mama, mkewe na mabinti wawili wamezunguka sinia la pilau.

“Mume wangu, mbona unatukodolea macho kama mnunuzi wa mbuzi?” bibi akamtania. “Umefaulu?”

“Nimefaulu, bibi.”

Wote watano wakapiga vigelegele. Mwinjuma akatega sikio, asikie ni nani atakayeishiwa pumzi kwanza.